Nyayo Hazikupita

Mimi siupendi ukungu. Nimezaliwa Iringa mjini. Babu yangu alipanda huko na misafara ya watu wa Pwani akalowea, na baridi kwetu si mgeni. Lakini ukungu wa milima ya juu ya Mbalizi ni balaa jingine. Unaingia jikoni bila hodi. Ukiufungia mlango unapitia dirishani. Mwaka hamsini na sita nilikuwa matroni wa bweni katika chuo cha ualimu cha wasichana kule juu, na mwezi wa saba wa mwaka ule ukungu ulikaa siku nenda siku rudi, na ndani yake mlikuwa na mtu.

Bomba letu la maji lilikuwa limepasuka tangu Pasaka. Mkuu wa chuo, Misi wa Kizungu mwenye moyo mzuri na masikio mazito, alikuwa bado anangoja fundi kutoka Mbeya. Basi kila asubuhi wasichana walibeba madebe wakashuka chemchemini kwa njia nyembamba iliyopita katikati ya mikaratusi. Wa kwanza kukamatwa njiani alikuwa Lusia, msichana mdogo wa mwili, mwenye mwanya mpana wa meno ya mbele na mdomo usiotulia. Mtu alimtokea kwa nyuma, akamwangusha, akamziba kinywa kwa mkono. Lusia akaung'ata ule mkono kwa nguvu zake zote, mtu akamwachia, naye akakimbia hadi bwenini bila debe wala viatu. Uso hakuuona. Aliona ukungu tu.

Sasa, chuo kilikuwa na amri yake, iliyosomwa kila Jumatatu bendera ikipandishwa: msichana akipatwa na jambo la hatari asilisambaze bwenini, aende kwa mlinzi mkuu, na mlinzi mkuu ndiye atakayelifikisha kwa Misi. Mlinzi mkuu alikuwa Mzee Fanueli, Mnyakyusa, mzee wa kanisa, aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti refu la jeshi na mguu wa kushoto unaoburuta kidogo. Watu walimheshimu, na mimi pia nilimheshimu, sitasema uongo. Lusia akaenda kwake akamweleza. Mzee Fanueli akamsikiliza kwa upole, akamuuliza kama aliuona uso wa mtu yule, kisha akamuuliza tena kama ana hakika hakuuona. Alipohakikishiwa akamwambia kuwa yule ni kichaa wa sokoni Mbalizi, ameshafukuzwa, asiwatie wenzake hofu.

Hofu haikungoja kutiwa. Wasichana walianza kwenda chooni wanne wanne. Njia ya chemchemi waliishuka kimya ili wasikie kama kuna anayewafuata, na nawaambia, wasichana wengi namna ile wakinyamaza kwa pamoja wanatisha kuliko mayowe.

Miongoni mwao alikuwemo Tusekile. Huyu alikuwa mwaka wa pili, mrefu, mpole, mchumba wa Saulo, mtoto wa Mzee Fanueli aliyekuwa karani huko Iringa. Ng'ombe wa mahari walipelekwa kwa baba yake tangu hajang'oa meno ya utoto, kwa hiyo kwa desturi ya kwao alikuwa tayari mkaza mwana. Na kwa Wanyakyusa mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hakai naye nyumba moja, hata jina lake halitamki. Akimsikia anakuja, anaacha njia, anachutama kichakani na kujifunika nguo kichwani mpaka nyayo zipite. Baba mkwe naye, kama ana adabu, anakohoa akiwa bado mbali, asije akamfumania mtoto wa watu. Yeye pia haruhusiwi kumtazama.

Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kwetu mkwe anapikiwa pilau. Sekela, mpishi wetu, mama wa Kinyakyusa, hakucheka.

"Wewe cheka tu, Bi Mwantumu," aliniambia. "Hii mwiko ya kwetu si mchezo. Mwanamke akimtazama mkwe wake, tumbo inafunga. Hazai."

Basi nikazoea. Mzee Fanueli anakohoa, Tusekile anachutama, kazi zinaendelea.

Kisha ikaja asubuhi ya Apolonia. Apolonia alikuwa Mhehe, binti wa Iringa kama mimi, na nilimpendelea waziwazi, mwenye kununa na anune. Wenzake walimkuta kando ya chemchemi, debe limebondeka, shingo imevimba na alama za vidole. Alikuwa hai, namshukuru Mungu, lakini sauti ilikuwa imekwenda. Akijaribu kusema, inatoka pumzi tu. Tulipomlaza chumba cha wagonjwa Mzee Fanueli alikuja akasimama mlangoni, mkono wa kulia mfukoni mwa koti kama alivyozoea siku zile za baridi. Akasema atalishughulikia yeye. Tusipige kelele, maana wazazi wakisikia watawachukua mabinti zao na chuo kitafungwa. Apolonia alipoisikia sauti ile alijikunja akageukia ukutani. Nikadhani ni maumivu.

Tangu siku ile Tusekile alikonda machoni petu. Chakula alikigeuza geuza kwenye sahani. Aliomba kulala kitanda kimoja na Lusia, na mchana hakukubali kukaa peke yake hata kwa muda wa kushona kifungo. Sikushangaa. Nani hakuogopa? Mimi mwenyewe nilikuwa naoga haraka haraka.

Asubuhi moja tulikuwa wawili tu kwenye kamba za nguo nyuma ya bweni. Ukungu ulikuwa mzito, shuka ya tatu kwenye kamba siioni. Mara Tusekile akashuka chini, akachutama, akavuta kanga kichwani. Hakuna aliyekohoa. Nilitega sikio nisisikie kitu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumkemea ndipo Mzee Fanueli alipotokea kwenye ukungu, karibu yetu kabisa. Alinisalimu. Akaitazama ile kanga iliyokuwa inatetemeka chini, akasimama muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, kisha akaenda zake.

Nilimwinua Tusekile nikamuuliza alijuaje. Akasema anamjua kwa nyayo: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unafuta. Anamjua kwa pumzi, na kwa harufu ya ugoro. Uso wake hajauona tangu alipokuwa mtoto mdogo, lakini miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kumsikia kabla hajafika. Nilimuuliza asubuhi ile ya Apolonia alikuwa wapi.

Aliishika kamba ya nguo kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nyuma yake njiani, Mama, tumewatangulia wenzetu," akasema. "Nikasikia zile nyayo. Nikachutama, nikajifunika, nikangoja zipite." Alishika koo lake mwenyewe. "Hazikupita."

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande, na sketi yangu ikalowa, sikujali. Mengine alinieleza vipande vipande: debe kuanguka, miguu kupiga matope, sauti ya Apolonia kukatika. Yeye alikuwa kichwa chini ya kanga kama alivyofundishwa tangu utotoni, anangoja. Alitaka kuinuka na mwili ukakataa. Na nyayo zilipoondoka hatimaye zilikuja zikasimama mbele yake, karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya ugoro. Mzee Fanueli akakohoa. Alikohoa taratibu, kwa adabu, kama mkwe anavyomkoholea mkaza mwana wake, kisha akapanda kilima.

Basi alijua. Alijua kwamba Tusekile anajua, na alijua kwamba Tusekile hawezi kulitamka jina lake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakutuambia tufanye nini ikiwa huyo wa nguoni ndiye tuliyeamriwa kumpelekea mashtaka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Misi. Amri na isomwe na wengine. Misi alinisikiliza na kikombe cha chai mkononi. Aliuliza kama msichana ameuona uso wa mtu huyo. Nikasema hapana. Akauliza kama yuko tayari kumtaja. Nikasema hawezi, ni mwiko. Akaniambia kwa huruma kwamba mtu hafungwi kwa sababu ya mlio wa miguu, na kwamba haki inataka amsikilize na Fanueli mwenyewe. Nilitamani kuimwaga ile chai. Na kweli alimwita Fanueli akamuuliza, siku ile ile.

Jioni Mzee Fanueli akaja barazani kwangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliniomba nimfikishie salamu mkaza mwana wake, kwa kuwa yeye mwenyewe haruhusiwi kusema naye.

"Mwambie nimempelekea Saulo habari," akasema. "Jumamosi wanawake wa kwetu wanakuja kumchukua. Hapa chuoni hakuna usalama. Atakaa kwangu, nyumba ya wanawake, mpaka siku ya arusi."

Alisema hivyo akilitazama dirisha la bweni. Nilimjibu kwamba nitazifikisha.

Nyumbani kwake, nyuma ya migomba! Huko hakuna matroni, hakuna kengele, na kila mwanamke atakayemkuta atamfundisha kuinama chini zaidi. Angeweza kufa huko na tungeambiwa ni homa. Asubuhi yake nilidandia lori la mbao likanishusha Mbalizi, nikapata jingine mpaka Mbeya, nikaingia kituo cha polisi na vumbi langu. Nilimkuta Sajini Bushiri, mtu wa Lindi, tukaelewana kwa lafudhi kabla ya maneno. Namshukuru kwamba hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atamleta inspekta wake Ijumaa, wanaume wote wa chuo wapangwe mstari, na msichana aingie amwonyeshe mtu wake.

"Lakini, dada yangu," akasema, "asipomtaja mbele ya watu, sina kitu. Tutapanda gari tutarudi, na wao watabaki naye."

Nilirudi nikamwambia Tusekile bila kumficha. Alikuwa amekaa kitandani, anaikunja kanga yake na kuikunjua.

"Nikimtazama, tumbo langu likafunga, nitafanyaje?" akaniuliza. "Na nani atanioa?"

Mimi ni mwanamke mwenye majibu. Waulize waliowahi kunikosea. Ningeweza kumwambia mwiko ule ni upuuzi, lakini nilikwisha kuuona ukimshika mtu mzima akachutama huku mwenzake anakabwa, na sikuthubutu kuuita upuuzi tena.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Ila Jumamosi naijua."

Ijumaa wanaume walipangwa bwaloni: walinzi, watunza bustani, dereva, wapasua kuni. Inspekta, Mzungu mwembamba, alikaa mezani na Misi. Wasichana walibandika nyuso zao madirishani kwa nje, na ukungu ulikuwa nyuma yao. Sekela na wanawake wa jikoni walisimama mlangoni. Apolonia nilimweka kwenye kiti karibu yangu, shingo imefungwa kitambaa. Mzee Fanueli alisimama katikati ya mstari, mikono mifukoni, na kabla msichana hajaitwa aliomba ruhusa ya kusema.

"Afande, huyu binti ni mkwe wangu," akasema. "Akinisikia tu atachutama na kujifunika. Atafanya hivyo leo kama alivyofanya jana na juzi. Muulize yeyote hapa. Kuchutama si ushahidi."

Sajini Bushiri akawageukia watu, nao wakakubali kwa vichwa, hata Sekela. Maana ilikuwa kweli. Na mimi ndani yangu nilikuwa nikitegemea kuchutama kule kule. Nilidhani ataanguka mbele yake na kila mtu ataelewa. Yule mtu alikuwa ameufunga na mlango huo.

Tusekile akaingia. Kanga kichwani, macho sakafuni. Alipita mbele ya mtu wa kwanza, wa pili, na kila hatua ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Hapo Mzee Fanueli akakohoa, taratibu, kwa adabu. Apolonia alinishika mkono akanifinya mpaka nikasikia kucha.

Magoti ya Tusekile yakakunjika. Niliona kanga inashuka, inashuka, na bwalo zima likangoja ifike chini kama ilivyokuwa inafika siku zote. Haikufika. Alisimama nusu, mikono imeshika magoti, anatetemeka mwili mzima kama mtu wa malaria, hajachutama wala hajasimama. Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Kisha akaanza kunyooka, polepole, kama aliyebebeshwa debe zito. Akaivua kanga kichwani akaifunga kiunoni. Akaenda mpaka mbele ya koti lile la jeshi, akainua macho.

"Fanueli," akasema. Hakusema mzee, hakusema baba. "Fanueli ndiye aliyemkaba Apolonia. Nilikuwepo."

Wanawake wa jikoni waligeuza nyuso zao ukutani. Sekela alijifunika aproni akalia kwa sauti, kwa kuwa mbele yake lilikuwa linatendeka jambo asilotakiwa kulitazama. Lakini Tusekile aliendelea kumtazama. Na Mzee Fanueli, aliyefika Burma, aliyemtazama Lusia machoni akamuuliza mara mbili, hakuweza. Na yeye alifundishwa mwiko ule tangu mdogo, kama alivyofundishwa Tusekile, na ulimshika. Mikono ilitoka mifukoni yenyewe, ikaufunika uso wake, na magoti yakamwisha akachutama.

Hapo tukauona mkono wa kulia. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilichoanza kukauka, alama za meno zimepinda kama upinde, na katikati yake pengo. Sajini Bushiri akaushika mkono ule akauinua juu ili inspekta auone. Lusia, pale dirishani, hakungoja kuitwa. Aliweka uso wake kwenye kioo akafungua mdomo, akaonyesha mwanya wake.

Walimshusha Mbeya kabla ya chakula cha mchana, na baadaye alifungwa. Misi alilia ofisini mwake, kisha akaibadilisha ile amri kwa mkono wake mwenyewe: msichana akipatwa na jambo, amwambie mtu yeyote, na aseme kwa sauti. Jumamosi hakuna aliyekuja kumchukua Tusekile. Saulo hakuandika neno. Ng'ombe walirudishwa, na kutoka kwa baba yake ukaja ujumbe kwamba likizo hiyo asiende nyumbani. Hayo ndiyo malipo yake, na mimi niliyemsukuma sikuwa na cha kumlipia.

Lakini nataka kuisimulia asubuhi ya Jumamosi yenyewe. Bomba lilikuwa bado limepasuka. Ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama kawaida, na wasichana walisimama na madebe yao, hakuna anayetaka kutangulia. Mtu alikuwa ameondoka na hofu ilikuwa imebaki. Tusekile akachukua debe lake. Nikamuuliza kama bado anaogopa.

"Naogopa, Mama," akasema. "Zamani nilijua nasikiliza nyayo za nani. Sasa sijui."

Nikachukua debe na mimi, pamoja na magoti yangu mabovu, tukatangulia. Njia ilikuwa na utelezi. Harufu ya mikaratusi ilikuwa kali, na kila tone lililoanguka kwenye majani lilinishtua nikajifanya sikushtuka. Tulipofika pale penye kona ya chemchemi mtu akakohoa nyuma yetu.

Magoti ya Tusekile yakakunjika. Niliyaona kwa macho yangu. Yakanyooka tena. Akageuka akatazama kule kule kwenye ukungu, mimi nimemshika kanga yake kiunoni kwa woga wangu. Kikohozi kikaja tena, kikavu, cha kukwaruza, na nyuma yake neno moja lililovunjikavunjika, la kwanza tangu siku ile.

"Ningojeni," Apolonia akasema.

Tusekile akalitua debe lake chini, akamngoja.